Dhahabu Haitembei Uchi

Mtoto ana homa tangu usiku. Asubuhi mama yake anambeba mgongoni hadi zahanati, na zamu yao inapofika mhudumu anashika kidole kidogo, anakifuta, anakitoboa. Tone la damu linaingia kwenye kitundu cha kiplastiki cheupe chenye urefu wa kidole hivi. Matone machache ya kimiminika yanafuata kwenye kitundu cha pili, kisha wote wanangoja. Dakika 15, pengine 20. Kwenye kidirisha unajitokeza mstari mmoja mwekundu, au miwili. Ukiwa mmoja mahali pake, kipimo kimefanya kazi na malaria haikuonekana. Ikiwa miwili, mama anaondoka na dawa ya mseto.

Jambo hili limezoeleka mno katika Mkoa wa Rukwa, kuanzia Milanzi na mitaa mingine ya Sumbawanga hadi vijiji vya bondeni kwenye joto, kiasi kwamba hakuna anayeuliza wekundu ule unatoka wapi. Si damu ya mtoto. Wala si wino wa kiwandani. Katika vipimo vilivyo vingi vya aina hiyo, mstari ule ni dhahabu.

Ni dhahabu ileile inayofukuzwa Chunya na Geita, ila huyu ni mdogo wake wa mwisho. Imeoteshwa ndani ya maji kutokana na chumvi ya dhahabu, ikawa chembe ambazo kila moja ina upana wa nanomita 40 hivi. Unywele wa binadamu una upana wa karibu nanomita 80,000, kwa hiyo chembe 2,000 zikipangwa bega kwa bega ndizo zinazoenea unywele mmoja. Kwa udogo huo dhahabu huacha unjano wake. Elektroni zake huyumba pamoja na mwanga wa kijani na kuumeza, na jicho la mhudumu hubakiwa na wekundu.

Na haimo mle ikiwa uchi. Chembe tupu za dhahabu zikikutana na chumvi, kama ile iliyomo katika damu, hukimbiliana na kushikana. Wekundu hugeuka buluu, kisha mashapo meusi hutuama chini na kipimo huwa kimekufa. Ili zisishikane huvishwa. Juu ya kila chembe hulazwa kingamwili, protini zinazotambua alama ya kimelea cha malaria, na nafasi zinazobaki wazi mara nyingi huzibwa kwa albumini, protini itokayo katika damu ya ng'ombe. Dhahabu hutoa rangi tu. Kazi ya kumtafuta kimelea ni ya vazi lake.

Ufipa, uwanda wa juu wa mkoa huo wa Rukwa, ni mahali pazuri pa kuisimulia historia ya vazi hilo, kwa sababu wakazi wake walikuwa wakichanganya madini na dawa zamani sana kabla ya kiplastiki cheupe kufika.

Kwa Wafipa, Milanzi ni zaidi ya kata ya Manispaa ya Sumbawanga. Simulizi zao za utawala zinaanzia hapo. Mtu wa kwanza, Ntatakwa, alianguka kutoka mbinguni akawa mtawala wa Milanzi. Siku moja, yeye akiwa mawindoni, walitokea wanawake watatu wageni, na aliporudi alikuta kiti kimeshakaliwa. Kutoka kwa wageni hao ulitokea ukoo wa Twa, ambao baadaye uligawanyika katika tawala mbili za Nkansi na Lyangalile. Milanzi haikufutwa. Mwene wake, yaani mtawala, alibakiwa na eneo dogo na heshima kubwa, mkubwa kwa ukale hata pale alipokuwa mdogo kwa nguvu. Roy Willis, mwanaanthropolojia wa Uingereza aliyeishi Ufipa katika miaka ya 1960 na kuchapisha kitabu juu ya dola ya Wafipa mwaka 1981, aliliandika jina hilo Milansi, na akaihusisha Milanzi ya kale na ufundi wa chuma.

Chuma kilikuwa mhimili wa maisha ya uwanda huo. Wafipa wanajulikana kwa kilimo cha matuta ya mviringo: nyasi hufukiwa chini ya udongo zioze, kisha tuta hufumuliwa msimu unaofuata na mbolea yake kusambazwa. Kilimo cha namna hiyo hula majembe. Na majembe hayo yalitoka katika matanuru ambayo mpaka leo baadhi yake yamesimama porini kama vichuguu vilivyokosea umbo.

Tanuru hilo huitwa ilungu. Yakiwa mengi ni malungu. Ni mnara wa udongo wenye kimo cha mita tatu hivi, mpana chini na mwembamba juu, na wajenzi walipenda udongo wa kichuguu kwa kuwa unavumilia moto. Sehemu ya chini kuna matundu, na katika matundu hayo ilipangwa mirija ya udongo ya kupitishia hewa. Jambo linalowavutia wahandisi ni kwamba ilungu halikuvukutwa. Mnara wenyewe, kama bomba la moshi, ulivuta upepo kutoka chini na kuupandisha juu, na moto ukala makaa kwa muda mrefu bila mtu kushika mivukuto. Juu walimimina mawe ya chuma na makaa. Chini likabaki bonge zito, nusu chuma na nusu takataka. Bonge hilo lilihamishiwa tanuru la pili, dogo, liitwalo kintengwe, ambako mivukuto ilifanya kazi na chuma kikasafishwa. Ndipo mhunzi akapokea.

Ndani ya shughuli hii yote kulikuwa na dawa. Aliyeongoza uyeyushaji alikuwa fundi na mganga kwa pamoja. Alikuwa na kikapu chake, intangala, chenye majani, mizizi, maganda ya miti na viungo vya wanyama, na sehemu ya dawa hiyo ilifukiwa katika sakafu ya tanuru kabla ya moto kuwashwa. Tanuru jipya lilitendewa kama bibi harusi. Wanaume waliolihudumia walijitenga na wake zao mpaka kazi iishe. Chuma kilipogoma kutoka, hakuna aliyeanza kwa kulaumu mawe. Iliulizwa kwanza nani amevunja mwiko.

Ni rahisi hapa kuteleza na kudai kwamba wazee wa Ufipa walijua mambo ya nano. Hawakujua, na sifa yao haihitaji uongo huo. Dawa ya intangala ililinda watu na mpango wao wa kazi; haikugusa kemia ya chuma. Hata hivyo ndani ya ilungu lilikuwemo vazi la kweli, nalo ni lile ambalo Waswahili hulitupia jina la dharau: mavi ya chuma. Mchanga na udongo uliomo katika jiwe huyeyuka, hujichanganya na sehemu ya chuma, na kuwa uji mzito unaolizunguka bonge linalokua. Bila uji huo, hewa inayopita kwenye mirija ingekifikia chuma kilichokwisha kupatikana na kukigeuza tena kuwa kama kutu. Takataka ndiyo iliyokifunika. Kazi ya kintengwe ilikuwa kulivua vazi hilo chuma kilipokuwa hakilihitaji tena.

Mwanaakiolojia Bertram Mapunda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyeyachunguza mabaki haya katika eneo la Nkansi na mwambao wa Ziwa Tanganyika, alionyesha kwamba malungu hayakuwa ya kwanza. Kabla yake kulikuwa na ufundi mwingine wenye matanuru madogo, uitwao katukutu, na pia walikuja wahunzi wahamiaji wa Barongo kutoka upande wa Geita. Geita hiyohiyo ambayo leo husikika kwa dhahabu tu.

Wakati malungu ya Ufipa yakiwaka, vazi la dhahabu lilikuwa linagunduliwa mbali sana, tena kwa bahati. Warumi wa karne ya 4 walikuwa wametia chembe za dhahabu na fedha katika kioo bila kujua. Kikombe chao maarufu, kilichomo Makumbusho ya Uingereza, huonekana cha kijani ukikimulika kwa mbele na chekundu ukikimulika kutoka ndani. Katika karne ya 16 Paracelsus alihubiri dhahabu ya kunywa kuwa tiba ya karibu kila kitu. Lakini aliyeuliza swali sahihi ni Michael Faraday wa London. Mwaka 1857 aliyeyusha chumvi ya dhahabu katika maji, akaitia fosforasi, akapata kimiminika chekundu kama zabibu. Alisema kwamba mle ndani mna dhahabu yenyewe, iliyosambaa katika vipande vidogo kuliko hadubini yake ilivyoweza kuona. Baadhi ya chupa zake bado zimehifadhiwa London, na wekundu haujatoka.

Faraday aliona pia ugonjwa na tiba yake. Alipotia chumvi ya kawaida, wekundu uligeuka buluu. Alipotangulia kutia jeli, ile itokayo katika ngozi na mifupa ya wanyama, dhahabu ilivumilia. Aliona tu kwamba kitu cha kunata kimeizunguka dhahabu na chumvi imeshindwa kuifikia. Historia yote iliyofuata, hadi kidirisha cha zahanati, imo katika majaribio hayo mawili.

Richard Zsigmondy, mzaliwa wa Austria aliyefanya kazi Ujerumani, aliligeuza jambo hilo kuwa kipimo. Mwaka 1901 alieleza namba ya dhahabu: miligramu ngapi za kitu fulani zinatosha kuzuia mililita 10 za dhahabu nyekundu zisigeuke rangi zinapotiwa chumvi. Jelatini ilihitajika kidogo sana, wanga mwingi zaidi. Kwa mara ya kwanza ubora wa vazi ulipimwa kwa hesabu. Alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1925.

Madaktari hawakungoja tuzo. Mwaka 1912 Carl Lange wa Ujerumani alichukua maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa wa kaswende iliyopanda ubongoni, akayachanganya na dhahabu nyekundu katika safu ya mirija. Protini za mgonjwa ziliivisha dhahabu kwa namna tofauti na protini za mtu mzima wa afya, na rangi ikageuka katika mirija tofauti. Kipimo cha Lange kilitumika hospitalini kwa miongo mingi. Miaka miwili baadaye, 1914, padri wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, Wyckaert, alichapisha maelezo yake kuhusu wahunzi wa upande wa Ufipa, na ndani yake mmejaa dawa, miiko na sala za tanuruni. Msomaji wa Ulaya wa mwaka ule angeweza kuyasoma yote mawili wiki moja na kucheka moja tu. Angekosea: wakati huo hata Lange hakuweza kueleza vizuri kwa nini protini hizi zinaivisha dhahabu na zile zinaigandisha.

Baada ya hapo moto wa malungu ulianza kufifia. Majembe ya kiwandani yalikuja kwa meli na reli, kodi ya mkoloni ilidai fedha taslimu, vijana wakaenda kuzitafuta mbali. Mwaka 1922 dhahabu ilionekana kwenye mito ya Lupa, ng'ambo ya Ziwa Rukwa, na katika miaka ya 1930 Chunya ikawa mji wa wachimbaji. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 uyeyushaji wa chuma Ufipa ukakoma kama kazi ya kujikimu. Waliobaki wakijua waliombwa na maofisa na watafiti kuwasha tena kwa maonyesho, na ndipo maelezo mengi tuliyonayo yalipopatikana.

Upande wa dhahabu, mambo yaliharakishwa na watu watatu ambao majina yao hayajulikani nje ya maabara. John Turkevich wa Marekani, mwaka 1951, alieleza namna ya kupata chembe zinazolingana kwa kuchemsha chumvi ya dhahabu na sitrati, jamaa wa asidi ya ndimu. Sitrati huunda chembe na papo hapo huivisha shuka jepesi, jepesi kiasi cha kusukumwa pembeni na kitu chenye mshiko mkubwa zaidi. Hiyo ndiyo faida yake. Mwaka 1971 Page Faulk na Malcolm Taylor walitumia mwanya huo: waliweka kingamwili za bakteria wa salmonela juu ya dhahabu, na kwa hadubini ya elektroni wakaona chembe nyeusi zimejipanga pale hasa bakteria walipo. Tangu siku hiyo vazi halikuwa ngao tu. Lilianza kuwa na macho.

Ufundi wenyewe ni wa uvumilivu. Uchachu wa maji hupangwa karibu na kiwango ambacho kingamwili inakaribia kutokuwa na chaji, ili ilale juu ya dhahabu bila kusukumwa wala kukunjamana. Kingamwili zikiwa chache mno, dhahabu inabaki na mabaka ya uchi na chumvi inayapata. Zikiwa nyingi mno, zinabanana na kushindwa kufungua mikono. Fundi hupima kwa njia ya Faraday ileile: anatia chumvi katika sampuli na kutazama kama wekundu umesimama. Kisha albumini ya ng'ombe huziba mianya, sukari huongezwa ili vazi lisivunjike likikaushwa, na mchanganyiko hunyunyiziwa kwenye kipande cha pamba ya kioo kinachokaa karibu na kitundu cha damu. Damu inapopita, dhahabu inaamka na kusafiri nayo.

Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 mstari wa dhahabu ulikuwa umeingia katika vipimo vya mimba. Malaria ilikuja baadaye, na hapa Tanzania ina sehemu yake, ingawa haisimuliwi sana. Mwaka 1993 Clive Shiff wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, pamoja na Zul Premji na Japhet Minjas wa Muhimbili, walichapisha matokeo ya kipimo kiitwacho ParaSight-F, cha kwanza cha kijiti kutambua malaria kwa protini ambayo kimelea huimwaga katika damu. Mwaka uliofuata walionyesha kwamba wahudumu wa afya wa vijijini, watu wasio na hadubini wala umeme, wanaweza kukitumia na kupata jibu la kuaminika. Kijiti hicho cha kwanza kilitumia vifuko vya mafuta vilivyojazwa rangi. Vilivyokifuata, kuanzia katikati ya miaka ya 1990, vilihamia kwenye dhahabu. Vifuko hupasuka, dhahabu iliyovishwa vizuri haipasuki, wala haichujuki.

Jirani yetu wa bahari, Madagaska, alikuwa na shida nyingine: tauni. Mwaka 2003 Taasisi ya Pasteur ya huko ilitangaza kijiti cha dhahabu chenye kingamwili za bakteria wa tauni, kinachotoa jibu kwa dakika 15 vijijini. Dhahabu ileile, vazi tofauti, ugonjwa tofauti.

Tanzania Bara ilipoanza kutumia dawa ya mseto mwishoni mwa mwaka 2006, gharama ya kubahatisha ilipanda. Enzi za klorokwini kila homa ilikuwa malaria na tembe zilikuwa rahisi. Sasa dawa ilikuwa ghali na ya kutunzwa isizoewe na vimelea. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilishauri kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza, popote inapowezekana, na wakati huo kipimo cha haraka, mRDT kama wahudumu wanavyokiita, kilikuwa kinasambazwa mkoa baada ya mkoa. Haikuwa rahisi kumshawishi mzazi kwamba homa isiyo na mstari wa pili si malaria. Katika mji wa Sumbawanga, ambao wenyeji hulifasiri jina lake kuwa "tupa uchawi", watu wanaelewa uzito wa kuambiwa chanzo cha ugonjwa sicho walichodhani.

Rukwa inalijaribu vazi hilo kwa ukali. Sumbawanga iko kwenye mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari na asubuhi za Juni watu hutembea na makoti. Ukiteremka ukingo wa bonde hadi Ziwa Rukwa, uko kwenye mita 800, penye joto na mbu. Boksi moja la vipimo laweza kukaa katika hali zote mbili ndani ya siku moja, juu ya pikipiki. Dhahabu haijali joto. Kingamwili zinajali: ni protini, na protini ikipata joto hukunjamana kama ute wa yai kikaangoni. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika upimaji wa ubora ulioanza mwaka 2008, lilikuwa linavikalisha vipimo siku 60 katika nyuzi 35 na nyuzi 45 kabla ya kuvipa alama. Kilichokuwa kinachunguzwa hapo, kwa sehemu kubwa, ni vazi na kingamwili nyingine zilizolazwa kwenye mstari.

Na lipo kosa ambalo vazi haliwezi kulitibu. Kingamwili nyingi za mRDT hutafuta protini moja ya kimelea iitwayo HRP2. Protini hiyo hubaki katika damu wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona, na mstari wa pili ukaendelea kutokea bila ugonjwa. Baya zaidi, baadhi ya vimelea vimepoteza jeni inayoitengeneza. Vilionekana kwanza Peru mwaka 2010, na miaka michache baadaye Eritrea ililazimika kuacha vipimo vinavyotegemea HRP2 peke yake. Hapo dhahabu ni safi, vazi halina tobo, na mgonjwa bado anaambiwa hana malaria.

Ndani ya mwili hadithi huwa ngumu zaidi. Chembe ya dhahabu ikidungwa kwenye mshipa, protini za damu huikimbilia na kuivisha vazi la pili lisilochaguliwa na mtu. Wanasayansi waliokuwa Dublin na Lund, Kenneth Dawson na Sara Linse, waliliita taji mwaka 2007. Ini na bandama hulitambua taji hilo na kuimeza chembe kabla haijafika kwenye uvimbe. Njia ya kukwepa ilitokana na mnyororo mrefu unaopenda maji, kwa kifupi PEG. Ncha moja huwekwa salfa, kwa kuwa salfa na dhahabu hushikana kwa nguvu, na minyororo husimama juu ya chembe kama nyasi za uwandani, protini zikakosa pa kukanyaga. Mwaka 2010 yalitangazwa matokeo ya jaribio la kwanza kwa wagonjwa wa saratani waliopewa dhahabu ya nanomita 27 iliyovikwa PEG na kubeba dawa iitwayo TNF. Walivumilia dozi ambazo zikiwa tupu zingekuwa hatari. Mwaka 2019 timu ya Marekani iliripoti wanaume 16 wenye saratani ya tezi dume waliotibiwa kwa chembe zenye kiini cha silika na ganda la dhahabu, nazo zimevikwa PEG, zikapashwa joto kwa leza. Hayo ni majaribio, si tiba ya Jumatatu katika hospitali ya mkoa, na anayeuza mtandaoni chupa ya dhahabu ya kunywa kama dawa ya saratani yuko karibu zaidi na Paracelsus kuliko na maabara hizo.

Madini yaliyovishwa ambayo yamekwisha kufika katika mishipa ya wagonjwa wengi ni chuma. Chuma tupu kikidungwa ni sumu. Kikizungushiwa sukari, katika chembe za nanomita chache, huweza kupewa mama mjamzito aliyepungukiwa sana damu, na mwili ukakivua vazi taratibu na kukitumia. Ufipa, iliyokuwa ikijitengenezea chuma chake na kukivika mavi yake, sasa hukipokea katika kichupa kilichosafiri kutoka mbali.

Vivyo hivyo dhahabu. Tanzania ni miongoni mwa wachimbaji wakubwa wa dhahabu Afrika, na tangu Juni 2021 ina kiwanda kikubwa cha kuisafisha Mwanza. Lakini vipimo vya haraka vinavyotumika katika zahanati nyingi za Afrika hutengenezwa Korea Kusini, India na China. Dhahabu katika kipimo kimoja ni chembe ya kupuuzwa. Thamani imo katika kingamwili, albumini, sukari na mkono wa aliyejua ni kiasi gani kinatosha. Nchi huuza kilicho rahisi kupima kwenye mizani na kununua vazi. Kutengeneza vazi hilo hapa nchini hakuhitaji mgodi mpya. Kunahitaji maabara za protini, ubora wa kila bechi na soko la uhakika la serikali, na hayo ndiyo maswali wanayostahili kuulizwa wanaopanga bajeti ya afya.

Kipimo kikishasomwa hutupwa katika boksi la taka hatarishi, kisha huchomwa pamoja na sindano na pamba. Plastiki huungua, karatasi huungua, kingamwili na protini ya ng'ombe huungua. Dhahabu haiungui, hubaki katika majivu ya shimo nyuma ya zahanati. Na mashambani uwandani, jembe la mkulima bado hugonga mapande ya mavi ya chuma yaliyoachwa na malungu.